Kipigo Si Ugomvi: Dhana Potofu Kuhusu Ukatili wa Majumbani



Katika semina za wachumba, katika sherehe za kumuaga bibi harusi, na hata katika nasaha za wasimamizi siku yenyewe ya ndoa, kuna maneno ambayo hayakosi kusemwa: vikombe vikikaa pamoja kabatini havikosi kugongana. Ni maneno ya kweli. Watu wawili waliolelewa katika nyumba mbili tofauti, wakaanza kula meza moja na kulala kitanda kimoja, watatofautiana kuhusu fedha, kuhusu wakwe, kuhusu malezi ya watoto, na hata kuhusu chumvi kwenye mboga.

Tatizo ni kwamba maneno hayo hayo ndiyo anayopewa mama aliyefika saa tano usiku kwa mwenyekiti wa jumuiya, jicho limevimba, mtoto mgongoni. "Mwanangu, rudi nyumbani kwako. Ndoa ndivyo zilivyo. Hata sisi tumepita huko." Hapo methali imepelekwa mahali pasipo pake. Vikombe viwili vinapogongana, vyote hutikisika, na chochote kati yao chaweza kupata ufa. Katika nyumba aliyotoka mama huyu, kinachovunjika ni kikombe kile kile kila mara, na kingine hubaki kizima.

Katika somo la Mantiki tunafundishwa kwamba hoja nyingi huharibika mwanzoni kabisa, pale neno moja linapobebeshwa maana mbili. Naamini ndivyo ilivyotokea kwa neno "ugomvi". Tofauti za kawaida za mume na mke tunaziita ugomvi. Kipigo nacho tunakiita ugomvi. Na kwa kuwa jina ni moja, tunatoa dawa moja: waitwe wote wawili, wasikilizwe, kila mmoja akiri kosa lake, washikane mikono, isaliwe Baba Yetu, waende nyumbani. Dawa hiyo huponya ugomvi. Kwa ukatili ni dawa ya hatari, na karibu dhana zote potofu nitakazozitaja hapa zinatokana na kosa hilo moja la jina.

TOFAUTI IKO WAPI?

Ugomvi una watu wawili wenye uwezo wa kusema "hapana". Mke anaweza kupaza sauti, mume anaweza kususa chakula, wakanuniana siku tatu, lakini hakuna anayemwogopa mwenzake. Ukatili una alama nyingine, nayo ni hofu iliyo upande mmoja. Mke anasikiliza mlio wa pikipiki ikikata kona ili ajue mumewe amerudi na hali gani. Watoto wananyamaza ghafla. Kila neno linapimwa kabla ya kusemwa, kwa sababu gharama ya kutofautiana inajulikana. Anayepiga hatafuti kushinda hoja ya siku hiyo. Anatafuta kwamba kesho kusiwe na hoja.

Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anatenganisha mamlaka ya bwana juu ya mtumwa na uongozi ulio ndani ya ndoa. Mume, anasema, humwongoza mke kwa namna ya raia na raia mwenzake, si kwa namna ya bwana na mtumwa. Tusimfanye Aristotle kuwa mtetezi wa usawa, maana hakuwa: aliamini mwanamume kwa maumbile anafaa zaidi kuongoza. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito. Hata mtu aliyefikiri hivyo aliona kwamba nyumba ambamo mke anatawaliwa kwa fimbo imeacha kuwa ndoa na kuwa kitu kingine. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaifikisha mbali zaidi hoja hiyo anapouliza kwa nini mwanamke aliumbwa kutoka ubavuni (Summa Theologiae, I, swali la 92, kifungu cha 3). Hakutoka kichwani, kwa kuwa hapaswi kumtawala mwanamume. Hakutoka miguuni pia, kwa kuwa hapaswi kudharauliwa kana kwamba ni mtumwa wake.

"NI HASIRA TU" NA "NI POMBE TU"

Tetesi ya kwanza inayotolewa kumtetea anayepiga ni kwamba alishindwa kujizuia. Ana hasira za karibu. Akitulia ni mtu mzuri sana.

Basi tumwangalie mtu huyo kwa siku moja. Asubuhi bosi wake amemfokea mbele ya wenzake, hakumpiga bosi. Mchana askari wa usalama barabarani amemsimamisha na kumcheleweshea safari, hakumpiga askari. Jioni kondakta amemnyima chenji, wakarushiana maneno, yakaisha. Usiku mkewe amechelewa kumfungulia mlango, na hapo ndipo "ameshindwa kujizuia". Tena mara nyingi hupiga mahali ambapo nguo itafunika, hufunga mlango kwanza, huongeza sauti ya redio. Mtu aliyepoteza akili hakumbuki redio. Huyu hajakosa uwezo wa kujizuia. Anachagua ni nani asiye na ulazima wa kujizuia mbele yake.

Kuhusu pombe, Aristotle ana jambo zuri katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako. Anataja sheria iliyomwongezea mlevi adhabu maradufu kwa kosa alilolitenda akiwa amelewa, na sababu anayoitoa ni kwamba chanzo cha kitendo kilikuwa ndani yake: alikuwa na uwezo wa kutolewa. (Katika Siasa anaitaja sheria hiyo kuwa ya Pittacus wa Mitilene.) Sisi tumeigeuza juu chini. Kwetu pombe hupunguza lawama badala ya kuiongeza, na mke huambiwa, "Msamehe, ni pombe ile, si yeye." Ulevi huzidisha majeraha, hilo halina ubishi, na parokia inafanya vema kupiga vita ulevi. Lakini wako wanywaji wengi ambao hawajawahi kuinua mkono nyumbani, na wako wasioonja hata tone, wanaosali rozari kila jioni, na wanapiga.

"MUME ANA HAKI YA KUMRUDI MKEWE"

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na haishikiliwi na wanaume peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 uliwauliza Watanzania wa Bara na Visiwani kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu mojawapo kati ya hizi: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumwambia, kutowajali watoto, au kukataa tendo la ndoa. Wanaume waliokubali walau sababu moja walikuwa asilimia 40. Wanawake walikuwa asilimia 58. Narudia: wanawake walikuwa wengi zaidi. Mama anayemwambia binti yake arudi, mara nyingi hasemi hivyo kwa ukatili wa moyo. Anamfundisha namna yeye mwenyewe alivyopona.

Sheria ya nchi imeshasema siku nyingi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa viboko au kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kifungu hicho kina zaidi ya nusu karne, ni kifupi, na kingeweza kusomwa katika kila semina ya wachumba bila kuchukua hata dakika moja. Sijui ni semina ngapi hukisoma.

Upande wa Kanisa, anayeshika Efe 5:22 mkononi kama fimbo ameanza kusoma mstari mmoja kwa kuchelewa. Mstari wa 21 unawataka wote wawili watiiane kwa kumcha Kristo, na kuanzia wa 25 mume anawekewa kipimo ambacho mke hakuwekewa: ampende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, yaani hadi kufa kwa ajili yake. Mtu hauchukii mwili wake mwenyewe, anaendelea Mtume. Na Mtakatifu Petro anawaonya waume kwamba wasipowaheshimu wake zao, sala zao zenyewe zitazuiliwa (1 Pet 3:7). Mtakatifu Yohane Krisostomo, katika homilia ya 26 juu ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anamwaibisha hadharani mume anayempiga mkewe: vilio vinasikika vichochoroni, majirani na wapita njia wanakimbilia nyumba hiyo kana kwamba mnyama mkali ameingia ndani. Hayo yalihubiriwa katika karne ya 4. Anayedhani kukemea kipigo ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na mashirika, asome tena Mababa wa Kanisa.

MSALABA, UVUMILIVU NA MTAKATIFU MONIKA

Nifike sasa mahali ambapo dhana potofu huvaa kanzu yetu wenyewe. Mwanamke Mkatoliki anayepigwa huambiwa mambo ambayo jirani yake asiye Mkristo hataambiwa: kwamba huo ni msalaba wake, kwamba awe kama Mtakatifu Monika, kwamba Mtakatifu Rita alivumilia makubwa zaidi, kwamba ageuze shavu la pili.

Tuanze na Mtakatifu Monika, kwa kuwa jina lake hutajwa mno. Habari zake tunazipata kwa mwanawe, Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha tisa cha Maungamo. Anasimulia kwamba baba yake, Patricius, alikuwa mwepesi wa hasira na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Kisha anaeleza kwamba wanawake wengine wa mji ule, ambao waume zao walikuwa wapole kuliko Patricius, walionekana na alama za vipigo usoni, wakashangaa, kwa sababu haikuwahi kusikika wala kuonekana dalili yoyote kwamba Patricius alimpiga Monika. Kwa hiyo mtakatifu tunayemtaja kama mfano wa mke aliyevumilia vipigo, kwa ushahidi wa mwanawe aliyeishi nyumba ile ile, hakupigwa.

Kwa haki yote niseme pia kwamba katika kurasa hizo hizo Monika anawashauri wenzake wakumbuke kwamba hati ya ndoa imewafanya kuwa kama watumishi, na Augustino anausifu ushauri huo. Maneno hayo yalisemwa na mwanamke wa Afrika ya Kirumi, aliyefariki 387, katika jamii ambamo mke wa kawaida hakuwa na mahali pa kukimbilia. Kanisa linamheshimu Monika kwa machozi na sala zilizomrudisha mwanawe kwa Mungu. Halijaigeuza kila nasaha aliyowapa majirani zake kuwa mafundisho ya imani.

Mtakatifu Rita wa Cascia, kadiri ya mapokeo, ndiye hasa aliyeolewa na mume mkali. Lakini kinachosimuliwa juu yake kama ushujaa ni kwamba mumewe alipouawa, aliwasamehe wauaji na kuomba wanawe wasilipe kisasi. Aliyetangazwa mtakatifu 1900 alitangazwa kwa upendo wake. Vipigo vilikuwa dhambi ya mtu mwingine, na dhambi haiwi njia ya utakatifu kwa sababu mtakatifu aliipitia.

Na shavu la pili? Soma Yoh 18:22-23. Mtumishi wa Kuhani Mkuu anampiga Yesu kofi, na Yesu hageuzi shavu lingine. Anamtaka aonyeshe kosa, na kama hakuna kosa, amweleze kwa nini anampiga. Kwa upole kabisa, na bila kurudisha kofi, anaita uovu kwa jina lake. Bwana huyo huyo, walipookota mawe kumpiga, alijificha akatoka Hekaluni (Yoh 8:59), kwa sababu saa yake ilikuwa bado. Mtume Paulo alishushwa ukutani ndani ya kapu usiku ili asiuawe (Mdo 9:25). Walipotaka kumpiga mijeledi, hakusema "huu ni msalaba wangu". Aliuliza kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Roma (Mdo 22:25). Mtume alikimbia na Mtume alitumia sheria. Sioni kwa nini mama wa watoto wanne azuiwe yote mawili.

Msalaba wa Kikristo hubebwa kwa hiari na kwa ajili ya upendo. Yesu anasema hakuna aliyemnyang'anya uhai wake, aliutoa mwenyewe (Yoh 10:18). Ugonjwa wa mume, umaskini, kukosa mtoto, kumtunza mkwe mzee: hizo ni saburi za ndoa, na Mungu awabariki wanaozibeba. Ngumi haimo katika orodha hiyo, kwa sababu anayeirusha anaweza kuiacha leo. Tena mvumilivu wa ngumi hamsaidii hata mpigaji. Thomas anauweka wajibu wa kumwonya ndugu mkosaji miongoni mwa matendo ya mapendo (II-II, swali la 33). Kumwacha mtu aendelee na dhambi ya mauti kila mwisho wa mwezi, huku tukimwita "baba wa familia" katika matangazo ya jumuiya, ni kukosa mapendo kwake pia.

"KANISA HALIRUHUSU KUONDOKA"

Wanawake wengi wanaamini hivi, na baadhi ya viongozi wetu wa jumuiya wanafundisha hivi: ukifunga ndoa kanisani, umefunga, ukiondoka nyumbani umetenda dhambi, na Komunyo utaisikia kwa wenzako.

Ndoa halali ya wabatizwa haivunjwi, hilo ni fundisho la Kristo na halibadiliki. Lakini kutovunjika kwa ndoa na kulazimika kuishi chini ya paa moja ni mambo mawili. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983, kanuni ya 1153, unasema kwamba mwenzi anayemsababishia mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, au anayefanya maisha ya pamoja yawe magumu kupita kiasi, anampa mwenzake sababu halali ya kutengana. Utaratibu ni kupata idhini ya Askofu mahalia. Lakini pale ambapo kuchelewa ni hatari, kanuni inamruhusu mhusika aondoke kwa uamuzi wake mwenyewe. Yaani Kanisa lilifikiria usiku ule wa saa tano. Halikumtaka mama asubiri barua kutoka kansela wa Jimbo. Sababu ya kutengana ikikoma, maisha ya pamoja yanapaswa kurudishwa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa imeamua vingine. Na kanuni ya 1154 inadai kwamba, wakiwa wametengana, matunzo na malezi ya watoto yahakikishwe.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1649) inafundisha vivyo hivyo: zipo hali ambazo kuishi pamoja kunakuwa hakuwezekani, na Kanisa linakubali watengane kimwili, huku wakibaki mume na mke mbele ya Mungu. Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa 2016, anakwenda hatua moja zaidi. Katika namba 241 anaandika kwamba kutengana kwaweza kuwa hata ni lazima kimaadili, pale inapohusu kumwondoa mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo kutoka katika madhara ya ukatili. Kwa hiyo swali la dhamiri hugeuka. Mama huyu anayejiuliza kama ana ruhusa ya kuondoka, pengine anapaswa kusaidiwa kujiuliza kama ana ruhusa ya kuwaacha watoto wake mle ndani.

Kuhusu Komunyo: aliyetengana na hajaingia katika muungano mwingine hana kizuizi chochote cha kupokea Sakramenti kwa sababu tu ya kutengana. Mtakatifu Yohane Paulo II alilisema wazi katika Familiaris Consortio (1981), namba 83. Anayemwondoa mama kama huyo kwenye mstari wa Komunyo anamwongezea adhabu juu ya adhabu, na hana mamlaka hayo.

"KAMA NI KWELI ANGEONDOKA"

Wanaosema hivi hawajawahi kupiga hesabu ya kuondoka. Aende wapi? Kwao mahari imeshaliwa na kaka yake ameoelea. Nyumba na shamba vimeandikwa jina la mume. Watoto wanasoma shule ya jirani. Akirudi nyumbani kwa wazazi ataitwa "aliyeachika", na wadogo zake wa kike wataambiwa wamekosa wachumba kwa ajili yake. Ametishiwa kwamba akiondoka atatafutwa, na kitisho hicho si cha kupuuzwa: wanaowahudumia waathirika wanajua kwamba wakati wa kuondoka na miezi inayofuata ni miongoni mwa vipindi vya hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ndipo mpigaji anapoona utawala wake unamponyoka. Na mara nyingi, jambo ambalo watu wa nje hawalielewi, bado anampenda. Mume amelia, amepiga magoti, amenunua kitenge, amekuja hadi Misa ya kwanza. Wiki tatu nyumba inakuwa njema. Halafu mlio wa pikipiki unaanza kusikilizwa tena.

Ukatili pia haukai kwa "watu wasiosoma" peke yao. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2005 ulifanyika hapa nchini katika maeneo mawili, Dar es Salaam na Mbeya. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, waliosema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi walikuwa asilimia 41 mjini Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya. Kwa idadi kama hizo, hakuna jumuiya yenye kaya 20 inayoweza kusema jambo hili haliko kwetu.

Mawili mengine niyaguse kwa haraka. Ukatili si ngumi peke yake. Mume anayechukua mshahara wote wa mkewe na kumpimia nauli, anayemfungia simu, anayemtukana mbele ya watoto mpaka akaamini kweli hana thamani, hajaacha alama mwilini, lakini ametawala. Na kuhusu tendo la ndoa, sheria ya nchi yetu bado haimlindi kikamilifu mke anayelazimishwa na mume wanayeishi pamoja. Maadili ya Kanisa yako mbele ya sheria hiyo, kwa kuwa Mtakatifu Paulo VI katika Humanae Vitae (1968), namba 13, alifundisha kwamba tendo linaloshurutishwa bila kujali hali na matakwa halali ya mwenzi si tendo la kweli la upendo. La pili, wako wanaume wanaopigwa na wake zao. Ni wachache, na hukaa kimya zaidi kwa sababu wakisema wanachekwa, hata na UWAKA wenzao. Niliyoyaandika juu ya mama yanawahusu na wao.

ANAPOBISHA HODI

Baadhi yetu tunaosoma falsafa leo, Mungu akipenda, baada ya miaka kadhaa tutaketi katika ofisi ya parokia na mlango utagongwa. Lakini kwa kawaida hodi ya kwanza hupigwa kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa mama wa WAWATA, kwa katekista au kwa msimamizi wa ndoa. Hao ndio ninaowaandikia hasa.

Msimkutanishe na mumewe usiku huo, wala kesho yake. Kikao cha wawili huhitaji watu wawili walio huru kusema, na yeye kila neno atakalolisema mezani atalilipia nyumbani. Zaidi ya hapo, tukiwataka "kila mmoja akiri kosa lake", mke atasema alijibu vibaya, na mume atatoka pale akijua kwamba hata Kanisa limekubali alikuwa na sababu. Asikilizwe peke yake, na mtu mmoja au wawili wanaotunza siri. Aaminiwe. Aulizwe swali la moja kwa moja: unaogopa kurudi leo? Akisema ndiyo, kazi ya kwanza ni mahali pa kulala yeye na watoto, mahali ambapo mume hatapafikia kirahisi.

Akiwa ameumia, aende hospitali. Fomu ya Polisi namba 3, maarufu kama PF3, hutolewa kituoni na kujazwa na daktari, nayo ndiyo itakayobeba ushahidi hata kama leo hataki kushtaki. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina Vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kwa habari za watoto ipo namba 116, ambayo haitozwi. Asindikizwe; mwanamke aliyekwenda peke yake kituoni huambiwa kwa urahisi arudi akayamalize nyumbani, lakini aliyefuatana na mama wawili wenye vitambaa vya WAWATA hupokelewa vingine. Nyaraka kama vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki, cheti cha ndoa, hata nakala tu, zihifadhiwe kwa mtu anayeaminika kabla ya siku ya shida.

Na mume? Asitupwe. Aonywe na mtu anayemheshimu, kwa faragha, kwa maneno yasiyozunguka. Akija kutubu, tukumbuke mafundisho ya Kitubio: majuto, maungamo na malipizi. Machozi ni sehemu ya kwanza. Malipizi yanaonekana kwa miezi, kwa mfano anakubali kuishi mbali kwa muda bila kulalamika, anatuma matumizi ya watoto bila masharti, anaacha kusema "lakini na yeye". Mke anaweza kumsamehe tangu leo, hilo ni kati yake na Mungu, lakini kusamehe hakumlazimishi kulala naye chumba kimoja kabla ya dalili hizo kuonekana, na kiongozi yeyote asimharakishe ili tu jumuiya ionekane ina amani kabla ya ziara ya Askofu.

Jumamosi inayofuata atakapokuja kusali, asiulizwe mbele ya watu anaendeleaje na yale mambo yake. Asubiriwe mpaka wenzake waondoke, ndipo aulizwe kama ana unga wa wiki nzima, na kama watoto wanalala.